Kiasi na Haki katika Maisha ya Mstaafu

Mada iliyotolewa kwa wastaafu na viongozi wa walei wa parokia



Wapendwa wazee wetu, wajumbe wa Halmashauri ya Walei, viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo, nanyi nyote mlioitikia mwito wa Tume yetu ya Haki na Amani.

1. UTANGULIZI

Tumeombwa tuzungumzie namna mstaafu mwenye kipato kidogo anavyoweza kuishi kwa kubana matumizi. Huenda baadhi yenu mmejiuliza jambo hili linaihusuje Tume ya Haki na Amani. Tumezoea kuisikia Tume hii ikizungumzia uchaguzi, migogoro ya ardhi na rushwa mahakamani. Matumizi ya mzee nyumbani kwake, je, si shauri lake yeye na mfuko wake?

Katika mafundisho ya dini tulijifunza fadhila nne zilizo msingi wa nyingine: busara, haki, nguvu na kiasi. Kiasi humfundisha mtu kutumia vitu kwa kadiri ya mahitaji yake na uwezo wake. Haki hutufundisha kumpa kila mtu kilicho chake. Fadhila hizi mbili hukaa nyumba moja. Mzee ana wajibu wa kuishi kwa kadiri ya alicho nacho; nasi tulio karibu naye tuna wajibu wa kutomla hicho kidogo alicho nacho. Tukimhubiria mzee kiasi huku sisi tukisahau haki, tunamtwisha mzigo ambao sisi wenyewe hatuugusi hata kwa kidole. Hilo ndilo neno letu la leo.

Tuseme pia kwamba kuishi kwa kiasi si uchoyo, wala si kuufurahia ufukara. Mchoyo anacho na hataki kukitumia. Fukara anahitaji na hana. Mwenye kiasi anakijua alicho nacho, anakipangia kazi, na anabaki na uhuru wake.

2. TUONE HALI ILIVYO

Nchini Tanzania sheria ya mifuko ya hifadhi ya jamii inamruhusu mtumishi kustaafu kwa hiari akiwa na miaka 55, na inamlazimu kustaafu akifika miaka 60. Mwaka 2018 mifuko iliyokuwa ikihudumia watumishi wa umma iliunganishwa kuwa mfuko mmoja, PSSSF, na NSSF ikabaki na watumishi wa sekta binafsi pamoja na watu waliojiajiri wenyewe. Wote mnakumbuka mjadala wa kikokotoo uliofuata. Kanuni za mwaka huo zilitaka mstaafu apewe kwa mkupuo asilimia 25 tu ya mafao yake, na sehemu iliyobaki ailipwe kidogo kidogo kama pensheni ya kila mwezi. Malalamiko yakawa makubwa, na mwezi Desemba mwaka huohuo Rais akaagiza kanuni hizo zisitumike. Kuanzia Julai 2022 kiwango cha mkupuo kikawa asilimia 33, na mwaka 2024 kikaongezwa tena.

Hatukusudii kuufufua mjadala huo hapa. Tunaukumbuka kwa sababu ulionyesha hofu iliyomo mioyoni mwa wafanyakazi wengi: mtu hutumika miaka 30 au zaidi, na siku ya mwisho hajui kama atakachopewa kitamfikisha kaburini pasipo aibu.

Hata hivyo wastaafu hao wana nafuu. Watu wetu wengi ni wakulima, wafugaji, wavuvi na wachuuzi. Hawana barua ya ajira, na hakuna siku wanayokabidhiwa saa ya ukutani na kupigiwa makofi. Hao hustaafishwa na magoti na macho. Jembe linapokuwa zito, ndipo wanapojua kwamba wamestaafu. Pensheni yao ni shamba, watoto, na huruma ya majirani.

Sasa tuchukue mfano, ili tusiongee hewani. Tuseme mstaafu na mkewe, pamoja na mjukuu mmoja, wanaishi kwa pensheni ya shilingi 150,000 kwa mwezi. Wakipanga vizuri, chakula wakitengee 70,000; mkaa, umeme na maji 30,000; dawa na nauli ya kwenda hospitali 20,000; zaka, michango na mahitaji madogo madogo 20,000; na akiba ya dharura 10,000. Hesabu imekamilika, na nyumba inakwenda bila anasa yoyote.

Mwezi huohuo zinakuja kadi tatu za michango: harusi ya mtoto wa jirani, kipaimara cha mpwa, na jubilei ya ukoo. Kila kadi inataka si chini ya shilingi 20,000. Jumla ni 60,000, yaani asilimia 40 ya pensheni nzima. Mzee akikataa, ataambiwa amejitenga. Akitoa, ataziacha dawa za shinikizo la damu kwa majuma mawili. Wengi hutoa, na dawa wanaziacha.

Ndipo anapotokea mkopeshaji. Anampa mzee shilingi 300,000 kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi, na kama dhamana anachukua kadi yake ya benki pamoja na namba ya siri. Riba peke yake ni 60,000 kila mwezi. Baada ya miezi mitano mzee amekwisha kulipa 300,000, na deni lenyewe liko palepale kana kwamba hajalipa hata senti. Watu wameiita mikopo hiyo "kausha damu", na kwa kweli jina hilo halikukosea.

Hatimaye wapo wanaokula kutoka ndani. Mtoto mwenye nguvu zake anarudi nyumbani, anakaa na kula kwenye sahani ya baba yake mwaka mzima asishike jembe. Mwingine anakuja siku mafao ya mkupuo yanapotoka, akiwa na wazo la biashara ambalo hakuwa nalo siku iliyotangulia. Wahenga walisema chovya chovya humaliza buyu la asali. Buyu la mstaafu lina wachovyaji wengi, na kila mmoja husema amechovya kidogo tu.

3. TUPIME KWA NENO LA MUNGU NA MAFUNDISHO YA KANISA

Mtume Paulo, katika waraka wake wa kwanza kwa Timotheo, sura ya tano, anatoa utaratibu wa kuwatunza wajane katika Kanisa. Umri anaoutaja wa kuandikwa katika orodha yao ni miaka 60, umri uleule wa mtumishi wetu anapokabidhi ofisi. Tuutazame pia mpangilio wake. Kwanza watoto na wajukuu wajifunze kuwarudishia wema wazazi wao. Mwamini mwenye wajane katika ukoo wake awasaidie mwenyewe, ili Kanisa lisielemewe, na lipate nafasi ya kuwatunza wale ambao kweli hawana mtu. Mtu asiyewatunza wa nyumbani kwake, Paulo anamhesabu kuwa ameikana imani.

Bwana wetu naye, katika Injili ya Marko sura ya saba, anawakemea watu waliotumia dini kukwepa amri ya Mungu. Mtu alitangaza kwamba mali yake imewekwa wakfu kwa Mungu, na kwa sababu hiyo hakuwajibika tena kumsaidia baba wala mama. Yesu anakataa sadaka ya namna hiyo. Kwa hiyo kijana anayetoa ahadi nono katika harambee ya kanisa, ilhali mama yake analala chini ya paa linalovuja, ajue kwamba neno hilo linamhusu.

Tena katika Injili hiyohiyo, sura ya 12, tunasoma habari za mjane aliyetoa senti mbili, riziki yake yote. Mara nyingi tumeitumia habari hiyo kuhimiza sadaka. Lakini tuangalie mistari inayoitangulia. Muda mfupi kabla ya hapo Yesu amewalaani wale wanaokula nyumba za wajane na kujisingizia sala ndefu. Anausifu moyo wa mjane, lakini haisifu hali iliyomfanya abaki na senti mbili.

Mafundisho ya Kanisa kuhusu jamii yako wazi pia. Papa Yohane Paulo II, katika waraka wake juu ya kazi ya binadamu wa mwaka 1981, aliitaja pensheni na bima ya uzeeni miongoni mwa haki za mfanyakazi. Ni haki inayotokana na kazi aliyoifanya. Mwajiri anayekata fedha kwenye mshahara wa mfanyakazi na asiziwasilishe kwenye mfuko anashika mali ya mzee wa kesho. Tuwakumbuke wazee waliotumikia iliyokuwa Jumuiya ya Afrika Mashariki katika reli, bandari, posta na ndege. Jumuiya hiyo ilivunjika mwaka 1977. Miaka ya 2000 ilipoingia, wazee hao walikuwa bado wakidai haki zao mahakamani jijini Dar es Salaam, na wenzao wengine walikuwa wamekwisha kuzikwa. Haki inayocheleweshwa kwa kijana ni usumbufu. Inapocheleweshwa kwa mzee, mara nyingi imekwisha kufutwa.

4. TUTENDE

(a) Mstaafu mwenyewe

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mstaafu bado ni kichwa cha nyumba yake, na hatua ya kwanza iko mikononi mwake.

Kwanza awe na daftari. Mali bila daftari hupotea bila habari. Siku ya kupokea pensheni, kabla ya kununua chochote, atenge fedha za dawa, chakula na nishati. Michango isubiri mpaka hayo yaishe.

Pili, anunue kwa majira. Mahindi huwa nafuu baada ya mavuno, mwezi wa Julai au Agosti, na hupanda bei Januari na Februari. Anayeweza anunue gunia wakati wa mavuno, kwa kushirikiana na jirani ikibidi, na alihifadhi katika mifuko isiyopitisha hewa ili lisibunguliwe. Akisaga dona badala ya kukoboa, unga huwa mwingi na mwili hupata lishe zaidi; ila dona haidumu, hivyo asage kidogo kidogo.

Tatu, apunguze moto. Maharage yaliyolowekwa usiku kucha huiva upesi. Chungu kilichochemka vizuri kikiwekwa ndani ya kikapu kilichojazwa majani makavu ya migomba au matambara, na kufunikwa barabara, huendelea kuiva bila mkaa. Mama zetu wa WAWATA wanaijua kazi hii. Tuwaombe wawafundishe wengine.

Nne, ardhi iliyo karibu na mlango isikae bure. Matuta mawili ya mchicha na matembele, mpapai mmoja, na kuku wachache wa kienyeji hubadili mboga ya wiki. Kuku hao wachanjwe dhidi ya mdondo kila miezi mitatu au minne; ugonjwa huo humaliza banda zima kwa siku chache, na tone la chanjo ni rahisi kuliko kuanza upya.

Tano, asibane mahali pasipobanwa. Dawa za shinikizo la damu na kisukari hazipunguzwi ili zifike mwisho wa mwezi. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mtu wa miaka 60 kuwa mzee, na kwa mujibu wa taratibu za Serikali mzee wa umri huo asiye na uwezo anastahili matibabu bila malipo katika vituo vya umma. Aende kwa mtendaji wa kijiji au mtaa na kwa afisa ustawi wa jamii, apate utambulisho wake. Hapo anadai haki yake; haombi.

Sita, mafao ya mkupuo yasikimbiliwe. Fedha hiyo ni jasho la miaka mingi lililokuja siku moja. Mtu ambaye hajawahi kufanya biashara ya magari asianze akiwa na miaka 60. Amalizie nyumba, alipe madeni, na kinachobaki akiweke mahali salama. Hati fungani za Serikali zinazouzwa kupitia Benki Kuu huanzia shilingi 1,000,000, na riba yake hulipwa mara mbili kwa mwaka. Faida yake si ya kushangaza, lakini usingizi wake ni mzuri. Tena hati ya kiwanja ibebe majina ya mume na mke, na wosia uandikwe mapema, ili mjane asije akafukuzwa katika nyumba aliyoijenga.

Saba, kadi ya benki na namba ya siri visikabidhiwe kwa mkopeshaji yeyote. Sheria ya huduma ndogo za fedha ya mwaka 2018 inamtaka mkopeshaji awe na leseni. Asiye nayo ashitakiwe, wala asiogopwe.

(b) Watoto na ndugu

Amri ya nne haikuwekwa kwa ajili ya watoto wadogo tu. Kuwaheshimu baba na mama, kwa mtu mzima, maana yake ni mkono unaoshika kitu. Watoto wanne wakikaa pamoja na kukubaliana, mmoja alete unga, wa pili alipie umeme, wa tatu anunue dawa, na wa nne, ambaye hana fedha, alime bustani na kumsindikiza mama kliniki, mzigo huo hautamvunja hata mmoja wao. Na anayekaa nyumbani kwa wazazi akiwa na nguvu zake, akumbuke kwamba mgeni hupewa jembe siku ya tatu. Yeye mwenyeji asisubiri kupewa.

(c) Jumuiya Ndogo Ndogo

Tunapendekeza kila Jumuiya ipitishe azimio moja jepesi: mzee wa miaka 60 na zaidi mwenye kipato kidogo asipelekewe kadi ya mchango, wala jina lake lisisomwe hadharani katika orodha ya wasiotoa. Akitoa kwa hiari yake, tumshukuru. Aje katika harusi akiwa mgeni wa heshima, ale, abariki wana, arudi nyumbani na dawa zake zikiwa kamili. Kadhalika Jumuiya ziwe na mfuko mdogo wa kuwakopesha wazee bila riba, ili asiwepo wa kukimbilia kwa wakausha damu.

(d) Parokia kama mwajiri

Sinodi ya Maaskofu ya mwaka 1971, iliyozungumzia haki duniani, ilifundisha kwamba anayethubutu kuwahubiria watu haki sharti kwanza awe mwenye haki machoni pao. Na kwamba wanaolitumikia Kanisa kwa kazi zao, wakiwemo walei, wapate riziki ya kutosha na hifadhi ya jamii iliyo kawaida ya nchi yao. Parokia zina wapishi, walinzi, walimu wa chekechea na wahudumu wa zahanati. Zaidi ya wote zina makatekista. Katekista wa kigango hufundisha wakatekumeni, huongoza ibada Jumapili ambazo padre hafiki, huzika wafu, na husuluhisha ndoa. Anapochoka, mara nyingi huagwa kwa kitenge na shangwe, kisha hurudi kwenye nyumba yake ya udongo.

Shangwe ni nzuri, lakini haisagi unga. Sheria inamtaka mwajiri na mfanyakazi kuchangia NSSF jumla ya asilimia 20 ya mshahara, na sehemu ya mfanyakazi isizidi asilimia 10. Kwa katekista anayepewa posho tu, NSSF hupokea pia wanachama waliojiandikisha wenyewe. Kigango chenye Jumuiya kumi kinaweza kugawana mchango wake wa kila mwezi, na fedha hiyo itakuwa ndogo kuliko gharama ya mapambo ya sikukuu moja ya somo. Tunaiomba Halmashauri ya Walei iliweke jambo hili katika ajenda ya kikao chake kijacho, pamoja na majina na hesabu.

(e) Serikali

Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliwataja wazee wasiojiweza miongoni mwa watu wachache wanaostahili kutegemea jasho la wenzao. Zanzibar ilianza mwezi Aprili 2016 kuwapa wazee wote wenye miaka 70 na zaidi pensheni ya kila mwezi, kwa kuanzia na shilingi 20,000, pasipo kuuliza kama waliwahi kuajiriwa. Kenya nayo mwaka 2018 iliupanua mpango wake uwafikie wazee wa umri huo. Kwa upande wa Bara, mpango wa kunusuru kaya maskini ulioanza mwaka 2012 chini ya TASAF ulizifikia kaya nyingi zenye wazee, lakini msaada uliotegemea kuchaguliwa kwa kaya si sawa na haki ya kila mzee. Ni halali na ni wajibu wa waamini kuwauliza madiwani na wabunge wao: mzee aliyelilisha taifa kwa jembe lake miaka 50, pensheni yake iko wapi?

5. HITIMISHO

Wapendwa, wazee wetu wanajua kuishi kwa kidogo. Walivuka njaa, vita na miaka ya kupanga foleni ya sukari na sabuni. Katika fadhila ya kiasi wao ndio walimu, nasi ni wanafunzi. Sisi tuna somo letu la kujifunza: haki. Mzee aliyeikunja miguu chini ya shuka fupi asiamke asubuhi akakuta tumekata kipande kingine.

Mungu awabariki wazee wetu, naye atupe sote moyo wa kuwatendea yapasayo. Amina.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA

1. Katika Jumuiya yetu wapo wazee wangapi wenye miaka 60 na zaidi? Ni wangapi wana pensheni, na ni wangapi hawana?

2. Je, yupo mzee kati yetu ambaye kadi yake ya benki iko mikononi mwa mtu mwingine? Tutamsaidiaje bila kumwaibisha?

3. Mwaka uliopita, wazee wetu walitoa michango mingapi? Ni ipi tungeweza kuwaondolea?

4. Katekista wetu ana umri gani? Atakapostaafu, ataishi kwa nini?